Nilimwambia Mwanangu Mama Anamwona Kupitia Televisheni

Mpendwa mshauri,

Kabla sijaomba msaada naomba kwanza nishukuru, maana wiki hizi mbili nimeshukuru mpaka ulimi umezoea, nimemshukuru Mungu, nimemshukuru tabibu wa zamu aliyemtoa mwanangu uchafu puani kwa muda usiofika dakika moja, nimemshukuru mtoto wa jirani wa miaka mitano ambaye bila yeye nisingejua nilichokifanya, na wewe nakushukuru mapema kwa sababu najua utanisema na nimekubali kusemwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha.

Mimi ni kinyozi. Nina chumba kimoja kando ya barabara, kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu, benchi la wateja wanaosubiri, na televisheni iliyo juu ya rafu pembeni. Mbele ya benchi nimetandika mkeka, na kuanzia saa kumi jioni mkeka huo si wangu tena, ni wa watoto watatu. Wa kwanza ni binti yangu wa miaka minne ambaye kila mtu anamwita Chiriku kwa sababu ya maneno yake yasiyokwisha. Wa pili ni binti wa fundi cherehani wa mlango wa pili, ana miaka mitano, tunamwita Wakili kwa kuwa hakubali jambo mpaka aone ushahidi. Wa tatu ni Bonge, mtoto wa muuza dawa wa ng'ambo ya barabara, ana miaka mitatu na biskuti mkononi wakati wote. Wazazi wao wako kazini kama mimi, na mimi ndiye mwenye televisheni, kwa hiyo unaelewa.

Mke wangu ni mkalimani wa lugha ya alama. Yule mama anayetokea kwenye kiduara kidogo kwenye kona ya chini wakati wa taarifa ya habari, anayewafikishia habari kwa mikono watu wasiosikia, basi kwenye kituo kimoja ni yeye. Anatoka nyumbani saa tisa alasiri na anarudi mtoto ameshalala, ila asubuhi ni yao wawili, anamwogesha, anamsuka, anampeleka chekechea, kisha anarudi kusoma magazeti ya siku hiyo ili jioni asikutane na neno geni. Kazi yake anaipenda. Kuna mteja wangu mmoja, seremala asiyesikia, siku moja aliniandikia kwenye simu yake: "Kabla ya mkeo, habari nilikuwa naziangalia kama mtu anayechungulia dirishani wenzake wakila. Mwambie asante." Nikamwambia, mke wangu akalia kwa furaha, akaniomba nimrudie yale maneno mara mbili.

Sasa kosa langu. Mwaka jana jioni moja nilikuwa na wembe kwenye kisogo cha mteja, watoto walikuwa wanatazama katuni, na mshauri kama hujawahi kuona watoto watatu wadogo wakitazama katuni basi jua kwamba hawatazami, wanacheza hiyo katuni, panya akiruka nao wanaruka, panya akianguka nao wanaanguka juu ya mwenzao, mmoja analia, mmoja anacheka, mmoja anauliza "kwa nini?" bila kungoja jibu. Chiriku akaja mbio akanigonga kiwiko, wembe ukamchana mteja nyuma ya sikio, damu ikatoka, mteja akapiga kelele, na wakati huohuo katuni ikaisha, ikaingia taarifa ya habari, na kwenye kona ile akatokea mke wangu. Bila kufikiri nikasema kwa ukali, "Tulia! Mama anakuona!"

Chiriku akaganda. Akaitazama televisheni, akanitazama mimi, akaenda kukaa kwenye mkeka miguu kaikunja, mikono juu ya magoti. Wenzake nao wakakaa. Nusu saa nzima, mshauri, nilinyoa vichwa viwili kwa amani ambayo sikuwahi kuijua tangu nifungue chumba kile.

Ungekuwa wewe ungeacha? Mimi sikuacha. Kesho yake nikarudia na kesho kutwa nikarudia, ikawa dawa yangu ya kila jioni. Siku ya nne au ya tano Chiriku akaniuliza, "Baba, ananisikia pia?" Nilikuwa nahangaika na ndevu za mzee mmoja asiyetulia, nikamjibu, "Anakusikia, mwamkie ukae chini." Hapo ndipo nilipoharibu.

Wakili peke yake hakuamini. Alisema, "Televisheni haina macho." Siku moja mke wangu alipotokea, Wakili akasimama mbele kabisa akamtolea ulimi. Na kwa bahati mbaya, au sijui niite nzuri, mke wangu kule kwenye kiduara akatikisa kichwa kukataa na kukunja uso, nadhani ilikuwa habari ya watu waliogoma, basi Wakili alirudi nyuma ya benchi akajificha mpaka utabiri wa hali ya hewa. Tangu siku hiyo naye akawa muumini. Wateja walicheka, na mimi nilicheka mpaka nikazima mashine.

Ikawa kila saa moja jioni wanafanya mambo yao na mimi nawatazama kupitia kioo. Wanamwamkia. Bonge anamwonyesha biskuti yake, anangoja, halafu anaila. Chiriku anamweleza ya siku nzima, kwamba leo nimevaa viatu mwenyewe, kwamba mwalimu amesema naimba vizuri, kwamba Bonge ameniuma lakini nimemsamehe. Akishasema anaangalia ile mikono, halafu anawatafsiria wenzake. "Amesema tukae vizuri." "Amesema Bonge asinichukulie nafasi." Mkono ukienda juu amesema kitu, ukienda kifuani amesema kingine, na kila alichosema Mama, kwa kweli kilimfaa sana Chiriku. Kiduara kikiondoka wanapunga kwaheri, kisha vita vinaanza upya. Mimi niliona ni mchezo wa watoto, na ngoma ya watoto haikeshi.

Nyumbani asubuhi mke wangu akimuuliza, "Jana shule ilikuwaje?" mtoto anajibu, "Si nilishakwambia?" Mke wangu anasema, "Lini?" Mtoto anamwangalia kama anayeona mama yake amekuwa msahaulifu, anaendelea na chai yake. Nilikuwa nacheka. Mke wangu hakucheka, siku moja aliniambia, "Huyu mtoto kila mtu anamwita Chiriku, mbona kwangu hana neno?" Nikamwambia watoto ndivyo walivyo.

Mwezi huu mtoto akapata mafua ya tundu moja la pua. Ukawa unatoka uchafu wenye harufu, mke wangu akawa anamsafisha na kumpa dawa tuliyopewa na muuza dawa, siku ya tano, siku ya saba, siku ya tisa ikaja homa, tukampeleka hospitali. Tabibu akammulika, akachukua kichuma chembamba, akavuta kipande cha sponji kilichooza. Mshauri, ilikuwa sponji yangu, ile ninayopakia poda shingoni kwa wateja, alikuwa amekata kipande akajitia puani. Tabibu alisema tumshukuru Mungu hakikuteremka ndani zaidi. Nilishukuru, nilishika mikono yote miwili ya yule tabibu nikashindwa kuiachia.

Mke wangu akapiga magoti mbele ya mtoto akamuuliza, "Mama, kwa nini hukusema?"

Mtoto akasema, "Nilisema."

"Ulimwambia nani?"

"Nilikwambia wewe. Ukasema nisubiri."

Mke wangu akageuka akaniangalia, na rangi ilikuwa imemtoka. Alidhani mtoto alimwambia asubuhi akiwa na usingizi, au usiku akiwa amechoka, naye akamjibu "subiri" bila kusikia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kadi ya hospitali mkononi na moyoni kitu kilinigonga, lakini sikuwa na hakika, nikanyamaza.

Hakika niliipata kesho yake. Nilikuwa nafagia nywele, Wakili akaja akauliza Chiriku yuko wapi, nikamweleza ya sponji. Akasema bila wasiwasi wowote, "Mimi najua. Alimwambia mama yake kwenye tivii. Alimwonyesha na pua. Mama yake akafanya hivi," akainua kiganja akakisukuma mbele. "Chiriku akasema, ameniambia nisubiri. Basi tukasubiri."

Nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe cha kunyolea.

Ni wiki ya pili sasa na mtoto amepona, anaruka, nashukuru kila nikimsikia anapiga kelele. Lakini mke wangu ameandika barua ya kuacha kazi. Anasema mama asiyemsikia mwanawe akiomba msaada hana haki ya kuwafikishia watu wengine maneno. Barua iko kwenye mkoba wake, ataipeleka Jumatatu. Nami kila nikifungua mdomo nashindwa, kwa sababu nikimwambia ukweli atajua nilimwacha siku zote hizi ajilaumu bure. Na kuna jingine nalitoa kwako tu: aliponiambia ataacha kazi, sehemu moja ndogo ya moyo wangu ilifurahi, niliona jioni tukila pamoja chakula cha moto. Nimeona aibu tangu hapo.

Nifanye nini, mshauri? Nimwambie mke wangu, au niache maji yapite kwa kuwa mtoto amepona? Na mtoto nimwambie nini, maana nikimwambia Mama hakuwa anasikia, si nitakuwa nimemwambia kwamba mwaka mzima hakuna aliyekuwa anamsikiliza? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Nashukuru kwa muda wako.

Wako, kinyozi


MSHAURI ANAJIBU

Baba Chiriku,

Leo kaa wewe kwenye kiti, nikufunge kitambaa shingoni, na usitikise kichwa.

Nianze na pole. Kumwona mtoto wako akiwaka homa na kujua kwamba kilichomuumiza kimetoka mikononi mwako si jambo dogo. Na mimi nashukuru pamoja nawe kwamba yuko salama. Nimesoma barua yako nikiwa na chai, nikafika pale anapoonyesha pua yake kwenye televisheni na kuambiwa asubiri, chai ikapoa. Haya, pole imeisha.

Nilikupigia simu Jumatano. Mara mbili hukupokea, mara ya tatu ukapokea ukaniambia una mteja, nikakwambia mteja angoje, kichwa hakikimbii. Nilifanya hivyo kwa sababu gazeti hili linatoka Jumamosi, na wewe mwenyewe umeandika kwamba mkeo husoma magazeti yote kila asubuhi. Ulitaka ajue kutoka ukurasa wangu? Kinyozi hajinyoi, najua, lakini hata kilicho mbele ya pua yako hukioni? Tulikubaliana umwambie kabla ya Ijumaa jioni, ndipo nichapishe. Umenitumia ujumbe wa neno moja, "Chapisha," nami nimeuamini. Ninayoandika hapa ulishayasikia kwa simu, lakini nayaandika kwa ajili ya wengine, maana nina hakika nyumba nyingi leo zina mtu kama wewe.

Kumdanganya mtoto hujaanza wewe. Mimi nilimwambia mwanangu kwamba akimeza mbegu ya chungwa itaota mti tumboni. Akameza. Akakaa siku nzima hanywi maji ili mti usikue, mpaka midomo ikamkauka, na mimi nikizunguka nyumba nikimtafutia ugonjwa. Kwa hiyo sikucheki kutoka juu ya ukuta. Tunawaambia watoto maneno ya kutuondolea kero ya dakika moja, wao wanayachukua wanakwenda kuishi nayo.

Lakini sikiliza. Uongo wako wa wembe ulikuwa kosa la mdomo, nami ningekusamehe kabla sijamaliza ukurasa. Kosa lako kubwa ni la hospitali. Ulimwona mkeo amepiga magoti, ulimwona rangi imemtoka, moyo wako ukakugonga, nawe ukashika kadi. Siku hiyo hukuwa na hakika, sawa. Kesho yake Wakili alikupa ushahidi na ishara za mikono juu yake, na wiki nzima imepita bado unafagia nywele. Mtoto wa miaka mitano amesema kweli bila kuulizwa mara ya pili, na baba mzima anatafuta gazeti la kumsemea!

Na hicho chakula cha moto. Nakushukuru kwa kukiri, wengi wangekificha. Sasa nikujibu: jiko lipo, sufuria ipo, mikono unayo. Pika. Mke wako asiache kazi anayoipenda ili wewe ule kabla hakijapoa, na zaidi asiiache kwa ajili ya kosa ambalo hakulifanya. Fikiria yule seremala. Siku moja atawasha televisheni aikute kona ni tupu, na ni wewe peke yako utakayejua kwa nini.

Umeuliza kama umwambie. Hilo si swali, na ulijua si swali ulipokuwa unanunua bahasha. Mwambie akiwa amekaa, mchana, mtoto akiwa chekechea, mlango wa chumba cha kunyolea ukiwa umefungwa. Usianze na "unajua watoto." Usianze na mteja aliyetoka damu. Anza hivi: "Mtoto hakukwambia wewe. Aliiambia televisheni, kwa sababu mimi nilimwambia unamsikia." Halafu nyamaza, na mara hii kunyamaza kwako kutakuwa na faida. Atakasirika. Aache akasirike. Anaweza kukaa siku tatu bila kukusemesha, na wewe utakula chakula chako, cha moto au cha baridi, bila kulalamika.

Kuhusu mtoto, naona unaogopa kuliko inavyostahili. Watoto wa umri ule huzungumza na televisheni hata bila kuambiwa. Wanamwonya panya kwamba paka yuko nyuma ya mlango, wanamjibu mtangazaji akisema habari za jioni, wanabusu kioo. Wako hakuwa mjinga, alimwamini baba yake, basi. Na angalia mengine uliyoyaandika mwenyewe bila kuyaona. Watatu wale walikuwa wanaketi pamoja, mmoja akimweleza mwenzake, mmoja akigawa nafasi, mmoja akionyesha biskuti kabla ya kuila. Chiriku alimsamehe Bonge mbele ya mashahidi. Kwenye mkeka wako kulikuwa na malezi yanaendelea jioni nzima, ila mtu mzima pekee chumbani alikuwa anatazama kupitia kioo, tena akiwa amewapa mgongo. Televisheni si yaya, baba. Mtoto akijitia kitu puani, haiwezi kukuita.

Kwa hiyo siku ambayo mkeo hayuko kazini, mketi watatu kwenye ule mkeka, wewe pia, shuka chini na magoti yako. Mkeo apate taarifa yake ya habari iliyorekodiwa, muiwashe, akae kando ya mtoto. Chiriku ataiangalia kona, atamwangalia mama aliye pembeni yake, ataiangalia tena kona. Mpe muda. Akiuliza, mjibu kwa maneno machache: "Mama wa kwenye tivii hakuoni wala hakusikii. Baba alikosea kukwambia. Mama huyu hapa ndiye anakusikia." Kisha mkeo amwonyeshe ile ishara ya kiganja ilikuwa na maana gani, siku ile alikuwa anasema habari gani. Mtoto akitaka kujua na nyingine, amfundishe. Ana mama anayejua kusema kwa mikono na mwaka mzima ameitazama ile mikono kwa bidii kuliko mtu yeyote mwenye macho, si vibaya akajua ilichokuwa inasema. Wakili na Bonge waitwe pia waelezwe, na wazazi wao waelezwe, maana hujui nao wameiambia nini ile televisheni.

Na jioni, kabla mkeo hajaingia studio, apige simu dakika tano. Azungumze na mtoto, si na wewe. Ukiwa na mteja, mteja atangoja. Akishakata simu, anayebaki kusikia ya Chiriku ni wewe. Zima mashine umgeukie. Utanyoa vichwa viwili pungufu kwa siku, na mimi sikuonei huruma hata kidogo.

Nimebakiza jambo moja, na hili pia nililikwambia kwenye simu. Mkeo anaamini mtoto wake hana neno kwake. Ameamini hivyo mwaka mzima, tangu kabla ya sponji, na hapo ndipo barua ya kwenye mkoba ilipoanzia. Wewe unajua si kweli. Unajua kwamba kati ya watu wote wanaopita kwenye ile televisheni, wafalme na wachezaji na waimbaji, mtoto wako kila jioni alimngoja mmoja tu, akampa habari za siku yake yote, tena kwa sauti, mbele ya wateja wako. Umemnyima mkeo furaha hiyo na ukadhani unamficha kosa tu.

Basi chukua karatasi. Waite Wakili na Bonge, uwaulize Chiriku alikuwa akimwambia nini mama yake. Watoto wale wanakumbuka kila kitu, tumeshaona. Andika yote kama walivyoyasema, usisahihishe. Viatu alivyovaa mwenyewe, nyimbo, kuumwa na Bonge. Andika na la sponji. Likiwa la mwisho au la katikati ni sawa, ila liwemo. Halafu mpe mwenyewe karatasi hiyo. Hayo maneno ni yake, yalisemwa kwake, na wewe ulikuwepo yalipokuwa yanasemwa.

Mpe leo, kabla hajatoka kwenda kazini.

Mshauri